Jinsi ya kupiga hesabu ya umbali na masaa ya ndege kati ya eapoti mbili zilizo mbali

Swali la "kutoka pale mpaka pale ni masaa mangapi kwa ndege" linaonekana jepesi ila liweke kwenye grupu lolote uone. Wa kwanza atasema 7, wa pili atasema 8, wa tatu atakuja na tiketi yake kabisa kwamba mi niliondoka London 11:00 nikafika New York 14:00 kwaiyo ni masaa 3 acheni uongo, na wa nne atasema mzee mi nilitumia siku nzima, ubishi unaanza hapo hadi mtu analeft. Kichekesho ni kwamba wote wanne wanaweza kuwa wanasema ukweli, kila mtu anapima kitu chake.

Kwaiyo kabla hujashika kalkuleta elewa hii kwanza: umbali una jibu moja, masaa yana majibu manne. Kuna masaa ya hewani, yaani toka tairi zinaachana na lami hadi zinagusa lami tena. Kuna masaa ya ratiba, haya yanahesabiwa toka ndege inasukumwa kutoka getini hadi inaposimama kwenye geti la huko inakoenda, na haya ndo ya kwenye tiketi. Kuna tofauti ya saa za ukutani kati ya mji na mji, ambayo sio masaa ya safari kabisa ila watu wengi wanaisoma hivyo. Af kuna safari nzima, pamoja na kukaa kwenye viti vya chuma katikati ya njia ukisubiri ndege nyingine. Ukishajua unatafuta ipi kati ya hizo nne, nusu ya kazi imeisha.

Tuanze na umbali sababu ndo rahisi.

Kitu cha kwanza usitafute umbali wa mji kwa mji, tafuta wa uwanja kwa uwanja. Kila uwanja una kodi (code) yake ya herufi 3, London Heathrow ni LHR, New York kuna JFK, kuna LGA, kuna EWR ambayo hata iko jimbo lingine la New Jersey. Tokyo ina Narita ambayo ni NRT na Haneda ambayo ni HND, na Narita iko mbali na katikati ya mji kiasi cha kilomita 60 hivi, so ukikosea uwanja hesabu ya angani haitayumba sana ila ya ardhini itakuliza. Herufi 3 zinakuokoa pia kwenye majina yanayofanana, kuna Sydney ya Australia ambayo ni SYD na kuna Sydney nyingine ndogo huko Kanada kodi yake YQY, na watu wameshawahi kweli kukata tiketi ya hiyo ya Kanada wakidhani wanaenda kuona jumba la opera. Usicheke, jina la mji lilikuwa sahihi kabisa.

Sasa ramani. Ramani ya ukutani inadanganya, na haifanyi makusudi, ni kwamba dunia ni duara na karatasi ni bapa, huwezi kubandua ganda la chungwa ukalilaza mezani bila kulichana. Ramani nyingi tulizozoea zinafuata mtindo wa Mercator wa mwaka 1569, uliotengenezwa kwa ajili ya mabaharia, na huo unavimbisha kila kitu kilicho karibu na ncha za dunia. Ndo maana Greenland inaonekana kama inalingana na Afrika wakati Afrika ni kubwa kama mara 14. Kwaiyo ukichukua rula ukapiga mstari kutoka Tokyo hadi Los Angeles kwenye ramani hiyo, mstari wako unakatiza katikati ya Pasifiki, unaonekana mfupi, umenyooka, safi. Kumbe sio njia fupi. Njia fupi inapanda juu kaskazini kuelekea visiwa vya Alaska halafu inashuka, na ukiichora kwenye ramani inaonekana imepinda kama upinde, watu wanauliza mbona rubani anazunguka. Hazunguki, karatasi ndo imezunguka.

Kama unaweza kupata tufe, hata la kuchezea la mtoto, fanya hivi mara moja tu maishani: chukua uzi, bonyeza ncha moja kwenye Singapore na nyingine kwenye New York, vuta uzi ukaze wenyewe. Utaona unapanda, unapanda, hadi unapita jirani kabisa na ncha ya kaskazini ya dunia. Nilivyofanya hivyo mara ya kwanza nilirudia mara tatu nikidhani uzi unateleza. Huo mstari wa uzi uliokazwa ndo unaitwa duara kuu na ndo umbali unaotajwa popote mtu akisema eapoti hii na ile ziko mbali kilomita kadhaa. Singapore na New York JFK ni kama km 15,300 kwa uzi huo.

Kupima kwa urahisi fungua Google Earth tumia ile alama ya rula, au ingia Great Circle Mapper uandike kodi mbili na kistari katikati, mfano LHR-JFK, inakuletea umbali na mchoro. Sekunde 10. Ila mi napenda mtu ajue kupiga mwenyewe angalau mara moja maana ukishaijua hutaogopa namba yoyote ya mtandaoni, na simu yako ina kalkuleta ya kisayansi, kwa simu nyingi igeuze tu ilale utaona vitufe vya sin na cos vinajitokeza.

Unahitaji latitudo na longitudo za viwanja viwili. Heathrow iko latitudo 51.47 kaskazini, longitudo 0.45 magharibi. JFK iko 40.64 kaskazini, 73.78 magharibi. Kusini mwa ikweta latitudo inapewa alama ya kutoa, usisahau hiyo. Longitudo unatafuta tofauti tu, zote zikiwa upande mmoja unatoa, moja ikiwa mashariki na nyingine magharibi unajumlisha. Hapa zote magharibi, kwaiyo 73.78 toa 0.45 ni 73.33. Halafu:

sin 51.47 × sin 40.64 = 0.7823 × 0.6513 = 0.5095
cos 51.47 × cos 40.64 × cos 73.33 = 0.6229 × 0.7588 × 0.2869 = 0.1356
Jumlisha: 0.6451
Bonyeza cos⁻¹ ya 0.6451 = nyuzi (digrii) 49.83
49.83 × 111.2 = 5,541

Basi, tuseme km 5,540. Hiyo 111.2 imetoka wapi, ni kilomita zilizomo kwenye nyuzi moja ya mzunguko wa dunia, mzunguko wote ni kama 40,030 ukichukua nusu kipenyo cha dunia kuwa km 6,371, gawanya kwa 360 utaipata. Dunia yenyewe sio duara la kistaarabu, imebonyea kidogo kwenye ncha, so jibu lako linaweza kupishana na la kompyuta kwa nusu asilimia hivi, kwa mtu anayetaka kujua atakaa kwenye kiti muda gani hiyo haina shida.

Ukipata jibu la ajabu, kwa mfano inakuambia London na New York ziko mbali kilomita 134, usianze kutukana fomula, angalia juu ya skrini kama kalkuleta imeandikwa DEG au RAD. Inatakiwa DEG, yaani digrii. Nimeona watu wanakesha na hili. Kingine, Tokyo iko 139.78 mashariki na Los Angeles 118.41 magharibi, ukijumlisha unapata 258.19, wengine hapo wanashtuka kwamba imezidi 180 kwaiyo lazima utoe kwenye 360, ukitaka toa, usipotoa pia cos inarudisha jibu lilelile. Piga uone, itakuja kama km 8,810.

Na angalia kipimo. Marubani wanatumia maili ya baharini ambayo ni km 1.852, maili ya barabarani ya Wamarekani ni km 1.609, kwaiyo hiyo 5,540 yetu ni maili 2,991 kwa rubani na maili 3,442 kwa dereva wa Marekani, umbali uleule. Mtu akikwambia "maili" bila kusema zipi, mbane. Kwa kukusaidia kunusa uongo: umbali mkubwa kabisa unaowezekana duniani ni kama km 20,000, nusu ya mzunguko, sababu ukizidisha hapo unakuwa umeanza kurudi kwa upande wa pili. Mtu akisema eapoti fulani iko km 23,000 kwa mstari wa moja kwa moja mwachie tu aendelee.

Haya, masaa. Hapa ndo patamu.

Wengi wanachukua umbali wanagawanya kwa 900 wanamaliza, sababu wamesoma kwamba ndege kubwa inakimbia kilomita 900 kwa saa. Ni kweli inakimbia hivyo, Boeing 787 na Airbus A350 zikiwa juu huko futi 35,000 na kuendelea zinatembea kwenye Mach 0.85, yaani asilimia 85 ya spidi ya sauti, ambayo ni kama kilomita 900 kwa saa, na zile ndogo za njia moja ya katikati kama Boeing 737 na A320 ziko kwenye 830 hivi. Ila hiyo ni spidi ya ikiwa imeshatulia juu. Kuna kusukumwa kutoka getini, kuna kutambaa hadi kwenye ranwei, kuna foleni ya kuruka, na ikisharuka sehemu nyingi hairuhusiwi kuzidi noti 250 (maili za baharini 250 kwa saa), yaani kama kilomita 463 kwa saa, hadi ipite futi 10,000, af kule mwisho yote hayo yanarudiwa kinyumenyume. Kwaiyo mi fomula yangu ya mfukoni ni hii: gawanya kilomita kwa 850, ongeza dakika 45. Hiyo inakupa masaa ya ratiba, ya geti kwa geti, bila upepo.

Tuijaribu. London hadi Singapore ni km 10,885 hivi, gawanya kwa 850 unapata 12.8, ongeza 0.75, inakuja masaa 13 na nusu na kitu. Ratiba halisi inacheza kati ya 13 na 14. Singapore hadi New York, 15,340 gawanya kwa 850 ni 18.05, ongeza, 18.8, na hiyo safari kweli iko kwenye masaa 18 na dakika 40 kitu, ni moja ya safari ndefu kuliko zote za abiria zisizo na kituo, Singapore Airlines wanairusha kwa A350 iliyotengenezwa maalum kubeba mafuta mengi. Sio mbaya kwa fomula ya kugawanya mara moja.

Kumbuka 0.8 ya saa sio dakika 80 wala dakika 8, ni 0.8 mara 60, dakika 48. Najua unajua. Nimeandika kwa ajili ya yule mwingine.

Ila jaribu London hadi New York: 5,540 kwa 850 ni 6.5, ongeza dakika 45, masaa 7 na robo. Sasa fungua ratiba. Kwenda New York utakuta 8 kasoro au 8 kabisa, kurudi London utakuta 7 au chini kidogo. Fomula imekosea? Hapana, imekaa katikati, kilichovuta huku na huku ni upepo.

Huko juu ambako ndege zinapita kuna mito ya upepo, jeti strimu, inatoka magharibi kwenda mashariki, kaskazini na kusini mwa dunia, na wakati wa baridi inaweza kuzidi kilomita 300 kwa saa. Ichukulie kama mtumbwi mtoni. Mvutaji makasia ni yuleyule, nguvu zilezile, ila akishuka na mkondo anapita miti ya ukingoni mbiombio na akipanda anatokwa jasho miti haisogei. Ndege nayo spidi yake ndani ya hewa ni ileile 900, ila hewa yenyewe inasafiri. Tuseme upepo ni 100. Kwenda magharibi unabaki na 800 juu ya ardhi, 5,540 kwa 800 ni masaa 6 na dakika 56. Kurudi una 1,000, masaa 5 na dakika 32. Bila upepo ingekuwa 6 na dakika 9. Umeona hapo? Kwenda umepoteza dakika 47, kurudi umeokoa 37 tu. Upepo unakula zaidi ya unachorudisha, kwa sababu ukiwa unapingana nao unakaa nao muda mrefu zaidi. Watu wengi wanadhani kwenda na kurudi vinafidiana, havifidiani.

Februari 2020 kulikuwa na dhoruba iliyoitwa Ciara, ndege ya British Airways aina ya 747 ikatoka New York ikafika London kwa masaa 4 na dakika 56, spidi juu ya ardhi ilipita 1,300 kwa saa. Mitandaoni watu wakaandika imevunja spidi ya sauti. Haikuvunja, ndani ya hewa yake ilikuwa kwenye spidi ya kawaida tu, mkondo ndo ulikuwa unaubeba mtumbwi. Waliokuwa wanavunja kweli ni Concorde, na hizo ziliacha kubeba abiria 2003.

Kwaiyo baada ya fomula ya mfukoni, jiulize njia inaelekea wapi. Kama inaenda mashariki au magharibi kwenye latitudo za kati, kuanzia 30 hadi 60 hivi, toa nusu saa hadi saa nzima ukielekea mashariki na ongeza hivyohivyo ukielekea magharibi, na wakati wa baridi kuwa mkarimu zaidi. Tokyo na Los Angeles, fomula inasema masaa 11, hali halisi ni kama 10 kuelekea Los Angeles na 12 kuelekea Tokyo, imepishana masaa mawili kabisa kwa umbali uleule. Kama njia inashuka kaskazini kwenda kusini upepo unapiga ubavuni tu, kwenda na kurudi havipishani sana, angalia Johannesburg na London, km 9,070 hivi, ni masaa 11 na dakika chache pande zote mbili.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna kalkuleta itakayokuambia: ndege haipiti kwenye uzi. Uzi ndo mwanzo wa mpango, ila kuna dhoruba za kukwepa, kuna sheria ya ndege za injini mbili kwamba lazima pawe na uwanja wa dharura ndani ya muda fulani wa kuruka, na kuna nchi zinazofunga anga. Mfano mzuri ni Helsinki na Tokyo. Umbali wa uzi ni kama km 7,800, fomula inasema masaa 10 kasoro, na kweli kabla ya 2022 ilikuwa masaa 9 na nusu hivi kwa kukatiza juu ya Urusi. Anga ya Urusi ilipofungwa kwa mashirika ya Ulaya, safari ileile ikawa masaa 13 kwa kuzunguka. Eapoti hazijasogea hata mita moja. Kwaiyo ukiona fomula yako na ratiba vinapishana kwa zaidi ya saa moja na nusu, usijilaumu, fungua ramani uone njiani kuna nini.

Njia nzuri ya kumaliza ubishi ni kuangalia ndege zilizoruka kweli. Chukua namba ya ndege, ingiza kwenye Flightradar24 au FlightAware, utaona siku kadhaa zilizopita, kila siku iliondoka saa ngapi, ikatua saa ngapi, na mstari iliyopita. Angalia siku 5 au 6 sio moja, kisha chukua ya katikati. Utagundua pia kwamba masaa ya hewani karibu kila mara ni machache kuliko ya tiketi, mashirika yanaweka dakika za akiba kwenye ratiba ili foleni ya kuruka isiwaharibie jina, ndo pale rubani anatangaza kwa sauti ya ushindi kwamba tumefika dakika 20 kabla ya muda. Hajakimbiza chochote, zilikuwa mfukoni.

Sasa saa za ukutani, hapa ndo mimi mwenyewe nililala chali. Tiketi inaandika muda wa kuondoka kwa saa za unapoondokea na muda wa kufika kwa saa za unakofika, kila mji na saa yake, kwaiyo ukitoa moja kwa nyingine unapata takataka. Fanya hivi: geuza zote kwenda saa ya dunia, UTC, ndo utoe. Yule jamaa wa London 11:00 hadi New York 14:00, kipindi cha baridi London iko sawa na UTC kwaiyo 11:00 inabaki 11:00, New York iko nyuma masaa 5 kwaiyo 14:00 yao ni 19:00 UTC, 19 toa 11 ni 8. Masaa 8, ugomvi umeisha, arudi kwenye grupu aombe radhi.

Ya kuchekesha ni ya Tokyo. Unaondoka Tokyo 17:00 siku ya Jumanne mwezi wa kwanza, Tokyo iko mbele masaa 9 kwaiyo ni 08:00 UTC, unaruka masaa 10, ni 18:00 UTC, Los Angeles iko nyuma masaa 8, kwaiyo unatua 10:00 asubuhi, Jumanne hiyohiyo. Umefika masaa 7 kabla hujaondoka. Ukirudi deni linalipwa, unaondoka Los Angeles Jumatatu 11:00, masaa 12 angani, unatua Tokyo Jumanne 16:00. Ndo kazi ya mstari wa tarehe pale Pasifiki, na kwenye tiketi utaona alama ndogo ya +1 pembeni ya muda wa kufika. Hiyo +1 ni siku, sio saa, isome vizuri kabla hujabuku hoteli.

Tahadhari mbili hapo. Kuna nchi zinasogeza saa mbele wakati wa joto na hazisogezi siku moja, Marekani wanaanza Jumapili ya pili ya mwezi wa tatu, Ulaya wanasubiri Jumapili ya mwisho ya mwezi huo, kwaiyo katikati hapo kuna wiki mbili tatu ambapo London na New York zinapishana masaa 4 badala ya 5, na mwishoni mwa mwezi wa kumi tena wiki moja. Pili sio kila nchi inapishana kwa saa kamili, India iko mbele masaa 5 na nusu, Nepal masaa 5 na dakika 45, ndio, 45.

Na tiketi haijui saa ya Kiswahili. 07:00 ni saa 1 asubuhi, 13:00 ni saa 7 mchana, 19:00 ni saa 1 usiku, toa 6 au ongeza 6 hadi ikukae kichwani. Mimi shida yangu haikuwa hata hapo. Tiketi iliandikwa Jumanne 00:40, nikaisoma saa 6 na dakika 40 usiku, vizuri kabisa, nikapanga nguo Jumanne mchana taratibu, Jumanne usiku nikafika kaunta nimependeza. Dada wa kaunta akaangalia skrini, akaniangalia mimi, akaangalia skrini tena, akasema kaka hii ndege imeondoka jana usiku. Kwa akili yangu usiku wa Jumanne ni ule unaofuata baada ya mchana wa Jumanne, kwa tiketi Jumanne inaanza 00:00 wakati mimi bado naiita Jumatatu usiku. Toka siku hiyo nikiona muda wowote kati ya 00:00 na 03:59 naandika kwenye kalenda ya simu "kuwa eapoti Jumatatu 21:30", jina la siku ninayotakiwa kutoka nyumbani, tiketi iseme inachotaka.

Kama hakuna ndege ya moja kwa moja hesabu inabadilika kidogo, unapima vipande unajumlisha. Hapa kuna siri nzuri: kituo cha katikati hakirefushi safari sana kama kiko karibu na uzi. London hadi Sydney kwa uzi ni km 17,000 hivi. Kupitia Singapore ni 10,885 jumlisha 6,300, ambayo ni 17,185, umeongeza kama asilimia moja tu. Kupitia Dubai ni 5,500 jumlisha 12,040, inakuja 17,540, bado sio mbaya. Kupitia Los Angeles ni 8,770 jumlisha 12,060, jumla 20,830, hapo umebeba karibu kilomita 4,000 za bure, masaa manne na nusu ya kukaa. Kwaiyo ukiona tiketi ya bei chee vuta uzi kwanza uone kituo chake kimekaa wapi.

Kisha kila kipande kinalipa dakika zake 45 upya, na katikati unaweka muda wa kusubiri, na huo unaupata kirahisi kuliko yote sababu kufika na kuondoka vyote viko kwa saa za mji mmoja, toa tu bila UTC. London, Singapore, Sydney: masaa 13 na nusu, kusubiri tuseme 2, halafu masaa 8 na kitu, jumla 23 na kitu. Kama mwanya wa kuunganisha uko chini ya saa moja na nusu kwenye eapoti kubwa ya kimataifa mi siuchukui, hata kama mfumo unauza. Na tiketi mbili zilizokatwa kivyakevyake ukichelewa ya kwanza ya pili haikusubiri, hapo acha masaa 4 au zaidi.

Kuhusu kupokewa: usimtajie mtu masaa ya safari kabisa, mtumie namba ya ndege na tarehe ya kufika kwa saa za kwake, aifuatilie mwenyewe kwenye simu. Akiona imetua mwambie ndo aanze kujiandaa kutoka, maana kati ya tairi kugusa lami na wewe kutokea mlangoni na begi kuna kutambaa, geti, foleni ya pasipoti na ule mkanda wa mabegi unaozunguka na begi la kila mtu isipokuwa lako.